Duka la muvi la Mabatini: flashi safi, dogo ana heshima, ila mtoto wa mfalme wa Korea wamemsimulia vibaya

Wale mnaoniulizaga series za Kikorea nazitoa wapi, nazitoa Mabatini, hapahapa Mwanza. Ukitoka Igoma na daladala unashuka kituoni hapo, unavuka barabara, unaingia kichochoro cha mafundi makochi, kuna kibanda cha bati kimepakwa rangi ya bluu na mabango ya muvi yamebandikwa mpaka mlangoni, ndani kuna kompyuta mbili na feni na dogo mmoja mpole kweli kweli. Jina la duka silitaji kwasababu huko mbele kuna sehemu nalalamika na sitaki kumharibia mtu riziki yake, ila ukifika kichochoroni hapo hutalikosa.

Niwaambie kwanza mie natazamaje ndio mtaelewa malalamiko yangu. Mie ni fundi cherehani, TV yangu iko juu ya kabati la vitambaa na mie nakaa chini yake nashona, yaani macho yako kwenye mshono na masikio ndio yako kwenye muvi, kwahiyo series ambayo haijatafsiriwa kwangu haina kazi hata iwe nzuri vipi. Nikisema mtafsiri ndio muvi yangu simaanishi vingine, ndio hivo. Akikosea yeye na mie nimekosea, na mteja aliyekaa kwenye benchi anasubiri gauni lake naye kaondoka na kosa hilohilo kichwani.

Sasa huduma. Ukienda na flashi yako series nzima ni 2,000, muvi moja 500, na ukichukua series tatu kwa mpigo anakuachia kwa 5,000. Kabla hajakurushia anaikagua flashi kama ina virusi, anafungua episodi ya kwanza na ya mwisho mbele yako usikie sauti mwenyewe, hiyo sijaiona duka lingine lolote hapa mjini, wengine wanakurushia tu unafika nyumbani episodi ya 7 haifunguki na ukirudi wanakuangalia kama vile umeenda kuomba hela. Huyu dogo mie iliwahi kunitokea episodi ya 11 inakwamakwama, nikamrudishia kesho yake, akasema "samahani sana dada, nipe dakika mbili" akanirushia upya bure na akaniongezea muvi moja ya kunipoza. Alafu mafolda yake yamepangika, za kisasa huku, za kifalme huku, za vita huku, na za kifalme kazipanga kwa enzi kabisa, Goryeo peke yake na Joseon peke yake. Mtu ambaye anaweka Goryeo na Joseon mbalimbali ujue anaipenda kazi yake.

Ndani ya hilo folda la Joseon mwezi uliopita nikakuta kafolda kamoja kameandikwa MFALME MUOGA. Nikamuuliza dogo hii ni series gani, akanambia sio series dada, ni dokumentari, episodi nne, picha za ukweli za zamani, inahusu mrithi wa mwisho wa kiti cha Korea, imetafsiriwa yote. Jamani nilifurahi! Mana mie huu ukoo nimeusoma sana, bando langu linaishia huko, na kila siku natafuta kitu cha Kiswahili kuhusu huyo mrithi, Yi Un, sikipati. Nikalipa hapohapo wala sikuuliza bei.

Siku hizo nilikuwa na bibi yangu mzaa mama, kaja kutoka Ukerewe na meli ya Nansio, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anasubiri tarehe ya upasuaji. Kwahiyo bibi kwenye TV anaona mwanga tu unachezacheza, yote mengine anayapata kwa sikio. Tukala zetu ugali na dagaa, nikafunga mlango wa mbele nikaweka flashi.

Mtafsiri kaanza vizuri tu, sauti nzito, tamu, Kiswahili kinateleza. Akasema ufalme wa Joseon ulianza 1392, kweli. Ukaanguka 1910, kweli, ni miaka 518 hiyo ya ukoo mmoja wa Yi wamekalia kiti, na hapo bibi akasema "eee, hao walikaa". Alafu picha ikabadilika, muziki ukawa wa kuchekesha, ule wa vichekesho kabisa wa tarumbeta, na mtafsiri akasema, namnukuu, "sasa huyu hapa ndio bwana muoga mwenyewe, nchi inaungua yeye kakimbilia zake Japani kula bata." Akacheka.

Bibi na yeye akacheka kidogo. Nikasimamisha.

Nikamwambia bibi, subiri kwanza. Nikanyanyuka kwenye cherehani nikasogea karibu na TV mana nilitaka niione ile picha vizuri, na bibi akanambia "haya nisimulie wewe, kuna nini hapo?" Kwenye picha kuna mzee wa Kijapani mwenye ndevu nyeupe, ndio Ito Hirobumi huyo, aliyekuwa mkuu wa Wajapani Korea, na pembeni yake kuna mtoto. Mtoto kabisa. Kavalishwa nguo za Kijapani, zile pana za sherehe, na ukimpima kwa jicho la ufundi unaona mabega bado madogo, ni nguo za mtu mzima zimepunguzwa kwa ajili ya mwili wa mtoto. Hacheki. Nikamwambia bibi huyo ndio muoga anayesemwa, ana miaka 10.

Bibi akanyamaza kidogo akauliza, "na mama yake yuko wapi?"

Hilo swali, ndugu zangu, dokumentari nzima mtafsiri hakulijibu, na ndio maana naandika.

Huyu Yi Un kazaliwa 20 Oktoba 1897 jijini Seoul. Wiki moja tu kabla ya hapo baba yake, mfalme Gojong, alikuwa kajitangaza kuwa kaizari na nchi ikapewa jina jipya, Himaya ya Korea, ili nao waonekane wako sawa na China na Japani na Urusi zilizokuwa zinawazunguka. Kwahiyo huyu mtoto na hiyo himaya ni kama pacha, wamepishana siku chache tu. Na mama yake ni bi Eom, aliingia ikulu kama mtumishi tangu akiwa mtoto mdogo, hakutoka ukoo mkubwa. Malkia mwenyewe, malkia Min, aliuawa na Wajapani ndani ya ikulu Oktoba 1895. Miezi michache baadae, Februari 1896, mfalme akatoroshwa ikulu kavishwa kama mwanamke, kafichwa kwenye machela yenye mapazia wanayobebwa wanawake wa ikulu, walinzi hawakufungua kuangalia, akakimbizwa mpaka kwenye ubalozi wa Urusi akakaa huko mwaka mmoja. Na aliyesaidia kuupanga ule mpango ni huyuhuyu bi Eom! Mwanamke wa hivo mtafsiri kamuita "mchepuko wa mfalme" akapita. Wakati huyo mama ndio alitoa mkono wake kuanzisha shule za wasichana Seoul mwaka 1906, na moja yao leo ni chuo kikuu cha wanawake.

Sasa twende kwenye kukimbilia. Novemba 1905 Japani iliilazimisha Korea mkataba wa kuwa chini ya ulinzi wake, Ito akawa mkuu wa Wajapani Seoul. 1907 Gojong akatuma wajumbe kwa siri The Hague, Uholanzi, kwenye mkutano wa amani, waende kulia mbele ya mataifa kwamba ule mkataba ni wa nguvu. Hawakuruhusiwa hata kuingia mkutanoni. Japani ikakasirika, Julai mwaka huohuo Gojong akashushwa kwenye kiti, akawekwa mwanae mkubwa Sunjong ambaye hakuwa na mtoto, ndio maana huyu mdogo, Yi Un, akafanywa mrithi. Mnaona mtego? Wamemfanya mrithi Agosti, Desemba wakamchukua. Ito mwenyewe kaenda nae Japani. Wakasema anaenda kusoma.

Mtafsiri yeye kachanganya Sunjong na Yi Un mwanzo mwisho, mara huyu ndio mfalme mara yule, bibi akapotea kabisa akawa anauliza "huyu si ulisema ni kaka yake?" Na episodi ya pili kuna sehemu anasema Wachina ndio walioichukua Korea. Wachina! Hapo hata dogo wa dukani nilipomwambia aliweka mikono kichwani.

Nikamjibu bibi kuhusu mama. Nikamwambia mama alibaki Seoul. Akafa Julai 1911, homa ya matumbo, mwanae ana miaka 13 yuko shule huko Japani. Na inasimuliwa sana Korea kwamba kabla hajafa alionyeshwa filamu ya mwanae akiwa kwenye mafunzo ya kijeshi, kakaa uwanjani anakula bonge la wali mkavu mkononi kama askari yoyote, mwana wa kaizari, na mama alivyoona vile moyo ukavunjika asinyanyuke tena. Hiyo ndio hadithi ya watu, taarifa rasmi inasema homa. Ila mtoto aliporudi nyumbani alirudia msibani.

Bibi akasema, "sisi Tabora walikuwa wanarudi likizo."

Sikumwelewa mara moja. Alikuwa anamaanisha watoto wa machifu. Wakati wa Mwingereza ile shule ya Tabora ilianzishwa 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, wanachukuliwa huku wanaenda kufundishwa kutawala vile Mwingereza anataka. Bibi kakulia karibu na Bukindo, kwenye ikulu ya chifu wa Ukerewe, lile jumba lenye baraza ambalo mpaka leo watu wanaenda kutembelea, anakumbuka alivyokuwa msichana wakipita pale wanapunguza sauti. Uchifu kwetu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Anasema waliambiwa tu sasa chifu hana tena ngoma. "Lakini mtoto wa chifu hakupelekwa nchi ya mtu aliyemuua malkia wao," akasema. Nilikaa na hilo neno usiku wote.

Nirudi kwenye bidhaa. Episodi ya pili na ya tatu picha ni safi, nadhani ni HD, herufi zinasomeka, na kuna filamu za zamani ambazo mie sijawahi kuziona popote, za mji wa Seoul na tramu. Sauti ya mtafsiri haimezwi na sauti ya chini, wengine wanaacha Kikorea kinapiga kelele pamoja na Kiswahili huelewi kitu, huyu kapunguza vizuri. Kiufundi ni 5 kwa 5. Tena hakuna matangazo ya kamari katikati, hiyo nawapongeza.

Shida ni ile ndoa. Hii ni sehemu ambayo ingetafsiriwa vizuri ungelia. Yi Un alikuwa kachaguliwa mchumba wa Kikorea, Min Gap-wan, tangu wakiwa watoto 1907. Wajapani wakaivunja ile posa wakampangia binti wa familia ya kifalme ya Japani, Masako wa Nashimotonomiya, ambae leo Wakorea wanamuita Yi Bangja. Na yule binti, kwa maelezo yake mwenyewe aliyoyaandika uzeeni, habari ya uchumba wake alikuja kuisoma kwenye gazeti 1916, ana miaka 14, kakaa na gazeti ndio anaona picha yake na picha ya mwanaume. Harusi ikapangwa Januari 1919, siku chache kabla mzee Gojong akafa ghafla tarehe 21, watu Korea wakasema kapewa sumu, na siku mbili kabla ya mazishi yake ndio yale maandamano makubwa ya 1 Machi 1919 yakalipuka nchi nzima wakidai uhuru. Wakaoana Aprili 1920. Min Gap-wan hakuolewa mpaka anakufa, alienda kuishi Shanghai huko miaka na miaka.

Mtafsiri hapo kasemaje? "Jamaa kavuta toto la Kijapani, Wakorea wanamwangalia tu." Basi. Dakika nane nzima zikapita na huo mstari mmoja na muziki.

Na mtoto wao wa kwanza. Anaitwa Jin, kazaliwa Agosti 1921. Wakampeleka Korea kumuonyesha kwa ndugu Aprili 1922, sherehe zikaisha, siku wanataka kuondoka mtoto akaanza kutapika, akafa 11 Mei hapohapo Seoul, hajafika hata mwaka. Sumu au maziwa, mpaka leo watu wanabishana. Mie nina mtoto niliyemzika, siendi mbali na hilo, ila nilipofika hapo nikazima sauti kabisa nikamsimulia bibi mwenyewe kwa mdomo wangu, mana muziki wa tarumbeta juu ya jeneza la mtoto siwezi.

Sasa kuna watu mtasema, lakini si alivaa gwanda la Mjapani? Ndio alivaa, siwafichi. Alimaliza chuo cha kijeshi cha Japani 1917, akapanda mpaka luteni jenerali 1940, aliongoza jeshi la anga huko. Wakorea wenyewe wengi wana hasira nae, na kaka yake wa baba mmoja, Yi Kang, alijaribu kutoroka Novemba 1919 kwenda Shanghai kuungana na serikali ya uhamishoni, wakamkamatia Manchuria wakamrudisha. Kwahiyo unaweza kusema mmoja alijaribu na mwingine hakujaribu. Hilo ni la kujadili, hata bibi alisema "angejaribu hata mara moja." Ila mjadala uanze na miaka 10. Usimwambie mtu hadithi ya huyu mzee bila kumwambia alipoanza alikuwa na umri gani, na nani kamshika mkono kumpandisha melini. Ukimwita muoga kabla hujasema miaka 10 umedanganya hata kama tarehe zote ziko sawa.

Episodi ya nne ndio iliyoniuma kuliko zote. Japani kashindwa vita 1945, Korea kapata uhuru wake, wewe unafikiri mtu anarudi kwao, kumbe hapana. 1947 Japani wakafuta vyeo vya familia nyingi za kifalme, nae kapoteza cheo na hela, yeye sio Mjapani na kwao hawamtaki, rais wa kwanza wa Korea Kusini, Syngman Rhee, hakumkaribisha. Nyumba yao kubwa ya Tokyo waliyoijenga 1930 ikauzwa ikageuzwa hoteli. Akaugua kiharusi. Mpaka Park Chung-hee alipochukua nchi ndio wakaruhusiwa, na tarehe 22 Novemba 1963 ndege ikatua Seoul na Yi Un ndani yake kalala, hajitambui, akatolewa kwenye machela moja kwa moja hospitali. Hajauona mji. Miaka 56 tangu achukuliwe, kaja kulala tu, akafa 1 Mei 1970 ndani ya eneo la ikulu ya Changdeok, kwenye jengo la Nakseonjae.

Nilipotaja 1963 bibi akasema "mwaka ule ule." Nikasema ndio bibi, mwaka ule ule.

Mtafsiri kwenye hiyo machela kasema "kala bata mpaka kazidiwa." Mie sikuweza kuendelea siku hiyo, nikatoa flashi.

Nilimalizia kesho yake asubuhi mteja wangu mmoja akiwepo, na mwisho ule kwakweli ni mzuri hata mtafsiri hakuuharibu sana kwasababu alinyamaza, akaacha picha zipite. Bangja, yule Mjapani, alibaki Korea. Mume kafa, angeweza kurudi kwao, akabaki, akaanzisha sehemu za kufundishia watoto wenye ulemavu, anatengeneza mapambo ya rangi juu ya chuma kwa mkono wake anayauza hela ziende kwa watoto. Alifia huko 30 Aprili 1989. Na siku tisa kabla yake, eneo lilelile la Nakseonjae, kafa wifi yake Deokhye, dada mdogo wa Yi Un, ambae nae alipelekwa Japani akiwa na miaka 12 na akili yake ikavunjikia huko. Mtoto wao aliyebaki, Yi Ku, msanifu majengo, alisoma Marekani, akafa 2005 Tokyo, hotelini, na hiyo hoteli ndio pale kwenye kiwanja cha nyumba yao ya zamani. Hakuacha mtoto.

Mteja wangu alikuwa kaja kuchukua sare za kwaya, alikaa mpaka chai ya saa nne.

Basi Jumatatu nikaenda Mabatini na flashi yangu. Mvua ilikuwa imenyesha, kichochoro chote maji, nikamkuta dogo anafuta sakafu. Nikamwambia mdogo wangu, nina neno na hii ya mwana wa mfalme. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyie, miaka 10, mama, Wachina, tarumbeta. Na hapa ndio nampa nyota zake, mana maduka mengine ungeambiwa "dada kama hujapenda acha". Huyu alizima muvi iliyokuwa inacheza, akavuta kigoda akanikalisha, akatoa daftari akawa anaandika. Aliniuliza Yi Un inaandikwaje. Akanambia hiyo ya Wachina yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia kwasababu anasikilizaga mwanzo na mwisho tu kama anavyofanya kwa wateja, na kwamba mtafsiri anakaa Nyakato, anatafsiri mpaka series tatu kwa wiki peke yake usiku, anasoma maandishi ya chini haraka haraka na pakiwa pamepoa anaweka vichekesho kwasababu wateja wanapenda. Akampigia palepale akaniweka spika.

Niliongea nae kwa heshima. Nikamwambia kaka sauti yako ni nzuri kuliko wote ninaowasikiliza hapa Mwanza, na nyumbani kwangu kuna bibi haoni, wewe ndio macho yake. Alikaa kimya kidogo. Akasema, "sikujua ni mtoto dada, mie niliona nguo kubwa nikajua ni mtu mzima mfupi." Hilo nalielewa, kwa picha ndogo kwenye kompyuta usiku wa manane mtu unaweza kukosea. Akaahidi kurudia episodi ya kwanza na ya nne, nikamuandikia tarehe zote kwenye karatasi, dogo akampelekee, na nikakataa alipotaka kunilipa.

Kwahiyo nyota zangu: duka 5, dogo 5 na zaidi, ubora wa picha na sauti 5, tafsiri ya hii dokumentari 2 kwa sasa hivi mpaka nisikie hiyo mpya. Series zao zingine za kifalme nyingi nimechukua na tafsiri ni nzuri tu, msiache kwenda kwasababu yangu. Wanafungua saa mbili asubuhi, Jumapili mpaka mchana baada ya ibada, nenda na flashi ya GB 16 kwenda juu, na kama umeme umekatika dogo ana betri ya sola ya kompyuta moja, foleni inakuwa ndefu ila unapata. Ukienda na mtoto mdogo angalia huo mtaro wa mbele, hauna kifuniko.

Nimepita tena juzi kuchukua series ya bibi ya kuondoka nayo Ukerewe, mana tarehe ya macho imesogezwa. Episodi mpya bado hazijaja. Ila dogo kafungua kompyuta akanionyesha lile folda, neno MUOGA kalifuta, kaandika YI UN, na chini yake kwa herufi ndogo, alichukuliwa akiwa na miaka 10.